Suti ya mwaka 1979, nataka kuivaa harusini kwangu Desemba. Nibane au niache?

Mchumba wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye mada.

Nimepata suti ya zamani ya vipande vitatu: koti, kizibao na suruali. Sufu tupu, rangi ya kahawia iliyoiva, ilishonwa Moshi mwaka 1979 na fundi wa Kihindi. Koti limenikaa mabegani kana kwamba nilipimwa mimi. Shida ni kola, imetanuka kama masikio ya tembo. Suruali nayo ni bugaluu, inafagia njia. Halafu mwenzangu ameshatangaza rangi za siku ni nyeusi na dhahabu.

Naomba kujua: kola inapunguzika? Bugaluu linabanika likawa la kisasa? Na kahawia inaweza kuwa nyeusi? Zimebaki wiki nne. Suti mpya ya maana naambiwa laki nne, na wanakamati wameanza kutopokea simu zangu. Matusi sitaki, ushauri tu.

Mla Ubwabwa
Harusi itafanyika ukumbi gani? Nauliza ili nikushauri vizuri.

Sindano ya Karume
Mimi ni fundi, mwaka wa 19 huu niko kwenye cherehani. Nikujibu kwa kuanzia unakotakiwa kuanzia, yaani mabegani. Bega likikukaa, kazi imebaki ndogo. Lisipokukaa usihangaike, maana kulishusha ni kufumua mikono, kufumua bitana, na ukirudishia mkono unakaa kama umeteguka. Wewe umebahatika.

Ubavuni koti linabanwa bila shida. Urefu usiguse, ukilikata chini mifuko itaonekana imeshuka magotini. Kola kweli inapunguzika, lakini ni mkasi, na kilichokatwa hakirudi. Halafu lile tundu la kifungo la kwenye kola litajikuta limesogea hadi ukingoni. Mimi ningeiacha. Kola pana kwenye sufu nzuri haimwaibishi mtu.

Bugaluu linabanika. Mwambie fundi akunje ndani, asikate.

Rangi, SAHAU. Sufu inakubali rangi kwa moto, na huo moto ndio utakaoirudisha ikawa ya mtoto wa Komunyo ya kwanza. Bitana na nyuzi za kushonea zitakunywa rangi kivyao, na pale palipopigwa na jua patatoka madoa. Vaa kahawia yako, weka tai nyeusi na leso ya dhahabu. Mchumba ataelewa.

Nairobi Hapa
Boss, kwani lazima suti? Shonesha Kaunda suti mambo yaishe. Huku kwetu Rais Ruto amezivaa hadi mafundi wakapata kazi. Shida ni bungeni tu, Spika Wetang'ula alizipiga marufuku Novemba 2023, mheshimiwa ukivaa Kaunda unarudishwa mlangoni. Lakini wewe unaenda kanisani, sio bungeni.

Mla Ubwabwa
Bwana harusi akivaa Kaunda wageni watampa funguo za gari awapakie.

Dada Pindo
Mimi nina swali dogo. Hiyo suti "umeipata" wapi? Fundi wa Kihindi wa Moshi, 1979, vipande vitatu vyote vipo. Mtumbani haiji na historia hiyo.

Mchumba wa Tabata
Ni ya mzee wangu, dada. Aliivaa siku ya ndoa yake. Hana neno, amekaa nayo sandukuni tangu mimi nazaliwa. Tuendelee na ushauri, hasa wa kola.

Babu wa Pangani
Mjukuu, umenikumbusha mbali. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na minne, niko Dar kwa shangazi, Mtaa wa Swahili. Umoja wa Vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku minisketi, marufuku mawigi, marufuku suruali za kubana. Kaka yangu alikuwa na suruali moja ya kubana, akiivaa anajilaza kitandani ndipo ipande. Tulikuwa tunaambiwa vijana wanakusimamisha, wanaingiza chupa ya soda kiunoni, isipotokea chini umekwisha. Kaka hakusubiri chupa. Aliichoma usiku nyuma ya choo, shangazi akadhani tunachoma kuku wa watu.

Halafu miaka ikageuka, yakaja mabugaluu, wazee wakalalamika tena kwamba sasa vijana wanavaa masketi. Leo wewe unalichukua bugaluu la baba yako unalibana liwe kosa la 1969. Sina ushauri, nimefurahi tu.

Dada Pindo
Babu, tumekusikia. Mchumba wa Tabata, "hana neno" ni yeye amesema au ni wewe umesema? Ulimwomba?

Mchumba wa Tabata
Mama ndiye alinipa ufunguo wa sanduku nilipoenda nyumbani mwezi uliopita. Mzee alikuwa kwa mjomba Marangu. Sasa mama akinipa, si wamenipa wote? Ni watu wa ndoa moja.

Halafu niseme ukweli, suruali tayari iko kwa fundi hapa Tabata tangu Jumatatu. Nilichotaka ni uhakika tu kuhusu koti kabla sijalipeleka. Na kama mna dawa: fundi alipopiga pasi, nyuma ya goti imeyeyuka kidogo, pamebaki alama inang'aa. Inatoka?

Kamati ya Roho Mbaya
Kwa hiyo unaomba ushauri wa kuoga ukiwa umeshajipaka sabuni. Endelea.

Dada Pindo
Mama angoje mzee asafiri ndipo atoe ufunguo? Mimi ni mke wa mtu na nina mama mkwe, najua mama akifanya hivyo kuna jambo analizunguka. Mzee amepanga nini na hiyo suti?

Mchumba wa Tabata
Mbona mnanihoji kama niko kituoni. Suti ni ya baba yangu, mimi ni mtoto wake wa kiume wa kwanza, vitu vyake nitakuja kuvirithi hata hivyo.

Dada Pindo
Sijauliza urithi. Nimeuliza amepanga nini.

Mchumba wa Tabata
Haya. Mzee ana miaka 74, ana presha. Tangu alipolazwa mwaka juzi huwa anasema siku yake ikifika avishwe hiyo suti aliyomwoa nayo mama. Alimwonyesha hadi mchungaji. Mama hapendi hayo maneno kabisa, ndiyo maana aliponipa alisema "kaivae wewe, iende kwenye furaha". Sasa nani hapo mwenye kosa? Mama mwenyewe ndiye aliyetaka itoke kwenye lile sanduku. Na mzee yupo, anatembea, juzi alikuwa anapalilia kahawa.

Mla Ubwabwa
Mimi ukumbi sitaki tena kuujua.

Mtumishi Mnyenyekevu
Kijana, heshimu baba yako na mama yako. Nguo aliyoitenga mzee kwa safari yake unaivaa kuchezea mduara? Rudisha, tubu, ndipo upange harusi.

Kamati ya Roho Mbaya
Mzee atapanda mbinguni na suruali ya kubana, malaika watamwomba kitambulisho.

Nairobi Hapa
Si ndio maana nilisema Kaunda.

Binti Mkunde
Mnamhukumu bure. Baba yangu alifariki 2016 tukamvisha suti mpya ya dukani, ikabidi ibanwe na pini kwa nyuma kwa sababu alikuwa ameisha mwili. Ile aliyoipenda ilibaki kabatini, nondo wakaila. Mpaka leo nikifungua kabati naona ule unga wake. Afadhali aivae mtoto. Lakini angeomba, hapo dada Pindo uko sahihi.

Sindano ya Karume
Maneno ya sanduku nawaachia wenye sanduku. Mimi nauliza kitu kimoja, naomba jibu fupi: suruali fundi AMEKATA au AMEKUNJA? Kama amekunja, hata kesho inafumuliwa na inarudi bugaluu kama alivyoiacha mzee. Utabaki mstari mwembamba tu.

Mchumba wa Tabata
Amekata. Alisema kitambaa kikijaa ndani mguu hautakaa vizuri.

Sindano ya Karume
Basi. Vile vipande ameshavitupa au unavyo?

Sikubali Haraka
Samahani wakuu, nimesoma kuanzia mwanzo, naona mnamwonea huruma mtu wa hadithi. Post ya kwanza anasema SUFU TUPU. Huku katikati pasi IMEYEYUSHA goti. Sufu ni manyoya ya kondoo. Lini mmeona nywele inayeyuka? Inaungua, inanuka, inakuwa majivu. Kinachoyeyuka na kung'aa ni plastiki. Ama hajawahi kuishika hiyo suti, ama ameitunga. Hii ni chai, tena ya rangi.

Mla Ubwabwa
Nilihisi. Leteni maandazi.

Kamati ya Roho Mbaya
Na mchungaji amewekwa humo ili tulie. Fundi stadi huyu, lakini wa maneno.

Mtumishi Mnyenyekevu
Kama ni uongo basi ni mbaya zaidi, kumchuria baba presha ili upate watu wa kukusoma.

Babu wa Pangani
Mtu akitunga hatungi Marangu na kupalilia kahawa. Angetunga gari.

Mchumba wa Tabata
Sikubali Haraka, mimi si fundi. Nimeambiwa tangu utoto kwamba ni sufu nikasema sufu. Unadhani nina muda wa kutunga mambo na harusi wiki nne?

Sindano ya Karume
Tusigombane, kitu hiki kinapimika. Kwenye koti chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, usichomoe nje. Ushike kwa koleo uuchome na kiberiti. Ukinuka nywele na ukabaki jivu linalopondeka kwa vidole, ni sufu. Fanya hivyo hivyo kwa suruali. Ikijikunja ikawa tone gumu jeusi, si sufu. Njoo utuambie.

Mchumba wa Tabata
Nimefanya. Koti limenuka nywele, mpaka mwenzangu amefungua dirisha. Suruali imekuwa tone.

Nikampigia mama hapo hapo. Kumbe suruali ya harusi iliibwa kambani miaka ya mwanzo ya themanini, wakati nguo zilikuwa haba na watu walikuwa wanalinda kamba zao kama benki. Mzee akashonesha nyingine ya krimplini, kile kitambaa cha poliesta, rangi ya kukaribiana. Mama anasema hawakumwambia mtu, walikuwa wanaona aibu kwamba suti imekuwa ya mseto. Mimi nina miaka 36 nasikia leo.

Sindano ya Karume
Inawezekana kabisa. Krimplini ya enzi hizo haikunji, haipauki, lakini pasi ya moto ikikaa sekunde mbili umeiua, na ile alama haitoki. Vitoe vyote viwili nje saa nne asubuhi uvitazame pamoja. Ndani ya nyumba rangi ni moja, juani utaona suruali ina wekundu fulani.

Sikubali Haraka
Haya, nimekubali nusu. Uzi wa koti tumeusikia, hatujauona. Weka picha.

Dada Pindo
Picha si tatizo lake. Tatizo lake liko Moshi na lina presha. Mpigie mzee kabla mama hajampigia. Na usianze na "samahani", anza na salamu ndefu.

Mchumba wa Tabata
Nitampigia Jumapili baada ya ibada, anakuwa ametulia.

Kamati ya Roho Mbaya
Jumapili ipi? Za mwaka huu zimebaki chache.

Mchumba wa Tabata
MREJESHO, kwa mlioniita muongo na kwa mlionisaidia.

Nilimpigia. Salamu, kahawa, mbolea, mvua, ng'ombe wa jirani. Dakika kumi na moja. Nikamwambia koti ninalo, na suruali nimeikata. Akakaa kimya mpaka nikatazama kama simu imekatika. Halafu akauliza, "Vifungo vya koti vipo vyote?" Nikasema vipo. Akasema, "Suruali hiyo sikuwahi kuipenda. Ilinichoma mapaja siku ya ubatizo wako." Akacheka, mimi sikujua nicheke au nisicheke.

Kola amenikataza kuigusa. Amesema harusini nivae, ila Jumatatu yake koti lirudi na mama alipokee mwenyewe mkononi. Suruali tunashonesha mbili za kahawia, yangu na ya kwake, za kitambaa kimoja. Ya kwake ametaka pana. Amenipa vipimo kwa simu, na kiuno alichonitajia nadhani ni cha mwaka 1979.

Sikubali Haraka
Picha.

Sindano ya Karume
Ya mzee aiachie kitambaa cha ziada nyuma ya kiuno, inchi mbili, fundi akunje asikate. Na wewe vifungo kabla hujavaa vikazwe upya, uzi wa 1979 umeshaoza. Kama ni vya pembe usiruhusu fundi akubadilishie vya plastiki akikwambia vinafanana.

Mla Ubwabwa
Sasa ukumbi ni upi?