UKOO WA MAGOMENI: kibao cha barazani kwa Bibi

*Ijumaa*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimeulizia kibao cha mbao cha kuandikwa KARIBU NYUMBANI, nimwekee Bibi barazani. Kile chenye maua pembeni. Naambiwa 45,000 😩

Shangazi Mwajuma: Marahaba. 45,000 kwa ubao mmoja? Hela hiyo mimi napata doti za kanga, na maneno yameshaandikwa.

Ba'mkubwa Hamisi: Marahaba mwanangu. Usinunue. Pita karakana hapa Keko, mabanzi yamejaa. Jioni tunawapa mama lishe wakokee moto.

Zuhura: Kweli Ba'mkubwa? Nilijua lazima mninga.

Ba'mkubwa Hamisi: Mninga uupake rangi wa nini? Mninga unapigwa vanishi watu waione mbao. Kibao cha rangi chukua paina, laini na nyepesi. Ila iwe kavu. Ukipaka mbao mbichi, wiki ya pili imejikunja kama papadi.

Rama: Mimi nina mbao za paleti, nilipewa Kariakoo. Bure kabisa.

Ba'mkubwa Hamisi: Rama, tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Ikiwa na HT, imepitishwa kwenye joto kuua wadudu, chukua. Ikiwa na MB imefukizwa methili bromidi, hiyo ni sumu, usiilete kwa Mama hata kwa kuni.

Rama: Moja ina HT. Nyingine haina muhuri na inanuka dizeli 😂

Ba'mkubwa Hamisi: Hiyo rudisha ilikotoka.

Zuhura: Na rangi je? Kuna zile za tyubu za wachoraji, nimeona kiboksi kizuri mjini.

Ba'mkubwa Hamisi: Mwanangu, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, hapa hapa Dar, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Wewe unataka tyubu kwa herufi kumi na nne.

Shangazi Mwajuma: 😂😂😂 Zuhura umeyataka. Haya, kwenye ndoo kumebaki ile rangi ya maji ya krimu tuliyopakia chumba cha Mama. Hiyo iwe ya chini. Halafu kwa nini msiandike MGENI NJOO MWENYEJI APONE? Ndiyo yenye maana.

Ba'mkubwa Hamisi: Kanga ina mita moja na nusu za kutapanya maneno. Banzi langu lina sentimita 60. Fupisha.

Ba'mdogo Shabani: 👍

Zuhura: Basi nielekeze nikija kesho nisikusumbue.

Ba'mkubwa Hamisi: Msasa namba 80 kwanza, halafu 120, umalizie 220. Namba ndogo ndiyo kali. Sugua kufuata nyuzi za mbao, ukikata nyuzi mikwaruzo yote itaonekana ukishapaka. Yale macho, tawi lilipotokea, yapake vanishi kwanza, la sivyo utomvu unapenya na kutia madoa ya njano kwenye krimu yako. Rangi ya maji mikono miwili, mbele, nyuma na hasa vichwani, kwa sababu mbao hunywa maji kwa vichwani. Ikauke usiku kucha. Herufi ndiyo rangi ya mafuta. Ya mafuta juu ya ya maji inashika. Ukigeuza, ya maji juu ya ya mafuta, inabanduka kama ngozi ya mjusi.

Rama: Bibi anauliza kwa nini mnanunua msasa. Anasema wao walikuwa wanachuma majani ya mti wenyewe wa msasa, yanakwaruza vilevile.

Ba'mkubwa Hamisi: Kweli kabisa, jina limetoka huko. Lakini Mama, huo mti Magomeni tutaupata wapi?

*Jumamosi, usiku*

Zuhura: Hesabu ya leo: banzi bure. Msasa vipande vitatu 3,000. Kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta 6,000. Brashi mbili ndogo 1,500. Mafuta ya taa ya kuoshea brashi 1,000. Jumla 11,500. Kamba ya katani anayo Rama 💃

Shangazi Mwajuma: Hapo sawa. Tuonyeshe.

Zuhura: Bado mkono wa pili wa krimu haujakauka. Kesho asubuhi naandika.

*Jumapili*

Zuhura: [Picha]

Zuhura: Msicheke.

Rama: KARIBU NYUMBA 😭😭😭

Rama: NI iko wapi?

Zuhura: Haikutosha! Nilianza kushoto vizuri, nafika kwenye A ubao umeisha.

Rama: Dada, hilo tangazo la dalali. KARIBU NYUMBA, weka na namba ya simu chini.

Shangazi Mwajuma: Rama, adabu. (Ila kweli 😂)

Ba'mkubwa Hamisi: Hukutoa karatasi?

Zuhura: Karatasi gani?

Ba'mkubwa Hamisi: Kosa langu, sikukwambia. Herufi hazianzii kushoto, zinaanzia katikati. Unahesabu zote pamoja na nafasi. KARIBU NYUMBANI ni 15, ya katikati ni ya nane, ile N ya NYUMBANI. Hiyo unaiweka katikati ya ubao, halafu unakwenda huku na huku kwa penseli. I ni nyembamba na M ni nene, kwa hiyo unasogeza kidogo kwa jicho. Au andika kwenye karatasi yenye urefu wa ubao, nyuma yake upake chaki yote, uilaze, upitishe kalamu juu ya herufi. Ukiinua, chaki imebaki kwenye mbao. Waandika vibao wote wa mjini wanafanya hivyo, huoni tu.

Zuhura: Na mkono kutetemeka?

Ba'mkubwa Hamisi: Shika kijiti kwa mkono wa kushoto, kiegemeze pembeni ya ubao, mkono wa brashi uulaze juu ya kijiti. Na brashi uivute, usiisukume.

Bibi (simu ya Rama): [Sauti, 0:52]

Shangazi Mwajuma: Bando langu linakata, sauti haifunguki. Mwenye kusikia aandike.

Rama: Bibi anasema asante kwa kibao. Anauliza kimeandikwa nini, nikamsomea. Anasema wageni wa kweli hodi wanaijua, hawahitaji kusoma. Anasema asiyejua ni yule kijana wa Jumanne aliyekuja na futikamba, akapima uwanja toka chooni mpaka mwembeni, hata shikamoo hakutoa.

Shangazi Mwajuma: Kijana gani???

Ba'mkubwa Hamisi: Futikamba ya nini?

Ba'mdogo Shabani: [Ujumbe huu umefutwa]

Rama: Mjomba tumeshausoma 🙈

Ba'mdogo Shabani: Jamani ni kujua thamani tu. Hakuna aliyeuza kitu. Mambo haya si ya kuongelea kwenye kikundi.

Bibi (simu ya Rama): [Sauti, 0:09]

Rama: Anasema: "Zuhura, geuza ubao. Upande wa pili andika NYUMBA HII HAIUZWI."

Shangazi Mwajuma: 🙆🏽‍♀️🙆🏽‍♀️🙆🏽‍♀️

Zuhura: Ba'mkubwa?

*(Dakika kumi na mbili kikundi kizima kimya.)*

Ba'mkubwa Hamisi: Mistari miwili. Juu NYUMBA HII, hesabu 10, katikati ni kati ya B na A. Lakini upande wa kulia una nafasi tupu na I mbili, ni mwembamba, kwa hiyo vuta maneno kulia kidogo. Chini HAIUZWI, saba, katikati ni U. Herufi za sentimita nane, zisomeke kutoka barabarani.

Zuhura: Na maua?

Rama: Bibi anasema maua weka.

*Jumanne*

Zuhura: [Picha]

Shangazi Mwajuma: Mashallah! Mkono umetulia kweli. Hayo ni maasumini?

Zuhura: Ndiyo Shangazi. Meupe kwenye krimu hayakuonekana, nikayazungushia wekundu.

Ba'mkubwa Hamisi: Kazi nzuri. Ukutani mmetumia msumari wa zege? Ule wa mbao utapinda.

Rama: Wa zege Mjomba, miwili. Bibi amekaa chini yake na kahawa toka saa kumi. Kila apitaye anaambiwa asome kwa sauti.

Ba'mdogo Shabani: Hiyo nyekundu ni rangi ya maji au ya mafuta?

Rama: Ya mafuta, Mjomba. Mikono miwili.

Shangazi Mwajuma: Haya, Jumapili tunakula kwa Mama. Shabani, mchele ni wako.