Kusafisha picha za nyumba ya kupangisha kwa AI, mnaishia wapi?

dalali_wa_kimara
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni dalali, mitaa yangu Kimara, Mbezi mpaka Kibamba, nyumba nazitupia Instagram na status ya WhatsApp kama wengine. Sasa kuna bosi mmoja ana apatimenti nne ndani ya fensi moja, vyumba viwili kimoja masta, sebule, jiko, jipsamu, madirisha ya alumini, kila mtu na LUKU yake (mita ya umeme ya kulipia kabla). Nyumba nzuri, sisemi kwa vile nalipwa. Shida ni nje. Barabara ya kuingilia ni vumbi na makorongo, mbele ya geti kuna nguzo ya umeme ina transfoma, na jirani ana boma halijaisha limeota majani mpaka juu ya madirisha.

Mtoto wa bosi kamwonyesha baba yake AI ya kwenye simu, kaandika tu "ipendezeshe picha hii", ikarudi barabara ina lami, nguzo haipo, boma limekuwa bustani, yani unaweza kusema Oysterbay. Mzee kafurahi kupita kiasi anataka niposti hivyo hivyo na kodi itoke laki tatu na nusu iende laki nne na nusu.

Mimi AI siichukii, matangazo yangu yote siku hizi inaniandikia yenyewe mi nasahihisha tu. Ila mteja akishuka kwenye boda akakuta korongo atakayetukanwa ni mimi, bosi atakuwa kwake anakunywa chai. Halafu nikiposti picha za giza giza watu wanapita tu mana wenzangu wote picha zinang'aa. Nyie mnaotumia mnafuta nini mnaacha nini? Na nyingine, nikiiambia itoe ndoo bafuni inabadilisha hadi tailizi, kuna namna ya kuizuia?

PichaNaMwanga
Napiga picha za nyumba na hoteli, nianze na hiyo ya tailizi. Hizi AI za kuchat ukiiambia toa ndoo haitoi ndoo, inaitazama picha yako halafu inachora nyingine inayofanana nayo bila ndoo. Ndo mana tailizi zinahama, soketi inapotea, feni inaota panga la nne, mlango unapungua upana. Ukitaka iguse sehemu moja tumia zile za kuzungushia eneo kwa kidole, kifutio cha Google Photos au ile ya kujaza ya Photoshop, hapo inachora ndani ya duara lako tu na kwingine inabaki picha uliyopiga. Ukimaliza weka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu hesabu madirisha, milango, soketi, mabomba. Usiamini macho ya kupitia haraka.

Lakini kaka, ndoo si unainama unaitoa kwa mkono kabla ya kupiga? Asilimia kubwa ya mnayoyapeleka kwa AI yanamalizwa na fagio na mtu wa kukusaidia kusogeza kochi. Futa lensi ya simu kwanza, ina mafuta ya mashavu hiyo. Fungua mapazia, washa taa zote, simama konani au mlangoni, simu iwe usawa wa kifua na uishike wima isiiname, ukiinamisha kuta zinaonekana zinaanguka. Washa HDR, ile ya kwenye kamera ya kusawazisha mwanga na giza, ili dirisha lisiwe jeupe tupu na chumba kikawa pango. Nje piga asubuhi au jioni, jua la saa saba linaua rangi zote.

Na lensi ile pana ya 0.5 muwe nayo na kiasi, chumba cha futi kumi kwa kumi kinaonekana ukumbi wa harusi. Huo nao ni uongo na hauna AI hata kidogo, mmeuzoea tu. Ukiitumia andika vipimo vya chumba kwenye tangazo.

mpangaji_mwenye_hasira
Madalali mnachekesha, yani unauliza unaishia wapi?? Juzi nimetoka Gongo la Mboto naenda kuona "chumba masta cha kisasa", nauli yangu, hela ya kuoneshwa elfu kumi nimetoa, nafika rangi ya ukutani tu ndo inafanana na kwenye picha, ukuta wa chini wote umetoa chumvi rangi imebanduka na kwenye picha ulikuwa mweupe kama shuka, namuuliza dalali anasema "ah picha hiyo tuliipiga kipindi kile", kipindi kipi wakati picha ina kalenda ya mwaka huu imeninginia nyuma. Na elfu kumi haikurudi.

DadaGoba
Mpangaji pole mdogo wangu. Ila nimsaidie dalali kwa upande wa biashara kidogo, mana nami nasimamia nyumba za familia huku Goba na AI nimeichezea sana. Mnachosahau ni kwamba AI haijui Dar. Picha nyingi ilizojifunzia ni za nyumba za kwao, kwa hiyo kila kinachofanya nyumba ya Dar ikalike yenyewe inakiona takataka. Ilinitolea simtanki juu ya mnara wake! Elfu tano lita, nimelinunua kwa hela, mpangaji wa Goba swali lake la kwanza ni maji yapo na yakikatika kuna akiba, halafu mashine inanifutia simtanki inaweka anga la bluu. Nyingine ikatoa nondo za madirisha, nyumba ikabaki kama kibanda cha maua, nani alale humo? Boksi la LUKU ukutani nalo likaondoka, na mtu anataka kuliona ajue kila mtu anajitegemea au mnashea na kugombana kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza dhambi waza hasara. Nguzo yenye transfoma wewe unaiona uchafu, wapo wataouliza umeme una nguvu ya kubeba AC na jiko la umeme. Wengine wataikimbia wakisikia transfoma, sawa, hao wangekimbia hata wakifika.

Mimi siku hizi nairuhusu iweke mwanga, inyooshe picha, na itoe namba ya gari la mtu au sura ya mtoto aliyepita. Basi.

MoroHadiMuscat
Nipo Muscat kikazi, naomba niseme kitu kwa niaba yetu tulio mbali. Mpangaji aliye Dar akidanganywa amepoteza nauli na asubuhi yake, inauma ila anageuza anarudi. Sisi tunatuma kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa kuangalia picha. Nilimtafutia mama nyumba maeneo ya Tabata, picha ikaonyesha ua wa saruji umekauka vizuri, mama kaingia kwenye kusi, masika yalipokuja ua ukawa bwawa. Fundi akatuonyesha mstari wa maji ukutani ulipokuwa umefika mvua zilizopita. Nilirudi kwenye zile picha nikazikuza, mstari haupo, ukuta laini kabisa. Sasa niambieni alama ya mafuriko nayo ni uchafu wa kusafishwa?

Tangu hapo sipokei picha. Dalali anipigie video akiwa barabara kubwa, atembee na simu mkononi mpaka getini bila kukata, aingie, afungue bomba nione maji, awashe taa, anionyeshe kona za chini za kuta na dari ya bafuni. Anayesema bando limeisha namrushia bando. Akikataa na bando nimempa nimeshajua.

keja_hunter_254
Nawasoma nikiwa Nairobi, kumbe shida ni moja tu. Huku bedsita, yaani chumba kimoja cha kila kitu, inawekwa kitanda cha AI, tivi ya AI, hadi baiskeli ya mazoezi, na hiyo nyumba ukifungua mlango unagonga sinki. Kile husaidia ni kumuuliza keretaka, yule mtunza jengo, si ajenti. Keretaka akiona una heshima atakuambia maji huja siku gani na jirani wa juu huanza muziki saa ngapi.

Swali kwa wenye kujua, hii si ni makosa kisheria jamani?

wakili_wa_uswahilini
Kwa Tanzania hakuna haja ya kusubiri sheria yenye neno AI ndani yake. Sheria ya Ushindani ya 2003, ile inayosimamiwa na FCC (Tume ya Ushindani), inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na picha ni maelezo kama maneno yalivyo maelezo. Sheria ya Mikataba nayo inampa aliyeingizwa mkataba kwa maelezo ya uongo haki ya kuukataa. Ila wapangaji sikilizeni, upande wa pili atauliza kama ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu. Uliyekwenda ukaona nyumba kwa macho yako ukalipa, kesi yako ya picha ni nyepesi. Wa Muscat yake ina uzito zaidi. Kenya mna Consumer Protection Act ya 2012, haki za mlaji ziko humo.

Tuliosoma tunajua lakini kwamba mtu hafungui kesi kwa ajili ya elfu kumi ya kuoneshwa, na madalali wanajua hilo kuliko mawakili.

Waliokwenda mbali ni California. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ajenti akitangaza nyumba ya kuuza kwa picha iliyobadilishwa kidijitali lazima aseme imebadilishwa, na aweke linki au QR ya kumpeleka mtu kwenye picha halisi. Sheria yenyewe imetenganisha vizuri: kuongeza mwanga, kusahihisha rangi, kunyoosha, kukata pembeni, hivyo havihesabiwi kubadilisha. Kuongeza au kutoa fenicha, sakafu, ukuta, majani, nguzo za umeme, au kinachoonekana dirishani, vinahesabiwa. Nguzo zimetajwa kabisa dalali, kana kwamba walishapita Kimara.

PajeMpakaJambiani
Niongeze ya kwetu Unguja. Mimi nina vyumba vya wageni Paje, wenzangu wanaitengeneza picha bahari iwe imejaa hadi mlangoni mchana kutwa. Pwani ya mashariki maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka huko kwenye mwamba, kina mama wanalima mwani pale ulipoambiwa utaogelea. Mgeni katoka Ulaya anafungua pazia anakuta mchanga mtupu, ana saa 72 za kuripoti Airbnb tangu agundue tatizo, na picha isiyofanana na mahali anayo mkononi. Mgeni akirudishiwa hela yake wewe unabaki na nyota moja.

Nami niliacha kuficha. Picha mbili, maji kujaa na maji kutoka, na chini nimeandika kupwa na kujaa ni mara mbili kwa siku na saa zinasogea kila siku. Nilidhani nitapoteza wageni, kumbe wapo wanaokuja kwa ajili ya kutembea huko ndani na kuangalia mwani. Wa kuogelea tu nawaambia wazi Nungwi na Kendwa huko kaskazini maji hayakimbii namna hii, waende tu, riziki ya mwenzangu.

dalali_wa_kimara
Nimewasoma wote asanteni, dada Goba hiyo ya simtanki umenifungua mana na ya bosi nimeangalia tena kweli simtanki limeyeyuka! Nimempigia nikamwambia mzee kodi unayotaka ipande inapandishwa na simtanki na umelifuta, kanyamaza kidogo akasema "basi lirudishe". Nguzo na boma bado anabisha. Nimemwambia nitapiga kuanzia ndani ya geti kwenda kwenye nyumba, na barabara naweka video fupi nikiwa kwenye boda. Na laki nne na nusu hajashuka, hilo nitapambana nalo mwenyewe.

Imebaki moja. Nyumba tupu haivutii, sebule bila kochi inaonekana stoo. Nikiweka fenicha za AI nikaandika kwamba ni mfano tu?

PichaNaMwanga
Fenicha ni sawa ukiandika juu ya picha yenyewe, sio kwenye maelezo chini. Kwenye WhatsApp watu wanaforwadi picha maelezo yanabaki, na kesho picha yako ipo kwa dalali wa Bunju haina hata jina lako. Andika kubwa "FENICHA NI MFANO" na picha ya pili iwe chumba hicho hicho kikiwa tupu. Halafu angalia ukubwa, AI hupenda kuweka kochi dogo ili chumba kipumue. Pima sebule, kama kochi la watu watatu haliingii ukutani usiliweke kwenye picha.

Usifikiri watu hawatajua pia. Picha zilizotoka Gemini zina alama ya siri ndani inaitwa SynthID, mtu akiipandisha picha kwenye Gemini hiyo hiyo akaiuliza kama imetengenezwa na AI ya Google inaweza kumwambia. Vijana wa sasa wanafanya hivyo wakiwa kwenye daladala.

mpangaji_mwenye_hasira
Dalali hiyo ya vyumba viwili kwa laki tatu na nusu kama bosi akilegea niambie. Tuma video ya barabara kwanza, na hela ya kuoneshwa silipi.

dalali_wa_kimara
Njoo inbox tuongee. Boda utalipa lakini.