Tupeane uzoefu: sauti ni nzima kwenye kompyuta, ukitoa MP3 inageuka

Fundi Mixa, Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye visa vya sampo reti hapa (idadi ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa kila sekunde), hasa pale kazi inapokuwa safi ndani ya programu halafu MP3 inatoka na sauti nyingine. Naanza na changu, maana kiliniuma.

Nilirekodi kwaya ya mtaani kwetu, nyimbo nane, rekoda ikiwa kwenye 48,000. Projekti ya Audacity, programu ninayohariria sauti, ilikuwa 44,100. Kuona namba hazifanani, nikafungua menyu ya traki, nikabadilisha reti palepale kuwa 44,100, nikatoa MP3 na kuzituma kwenye grupu usiku uleule. Asubuhi mwalimu wa kwaya akapiga: "Mwanangu, soprano wangu umewafanya nini? Wanaimba kama wagonjwa." Alikuwa amekaa kwenye kinanda, akagundua wimbo umeshuka karibu nusutoni moja na nusu. Wimbo wa dakika 5 ulikuwa unakwenda dakika 5 na sekunde 26.

Menyu ile ya traki haipigi hesabu upya, inabadili lebo tu. Sekunde moja uliyorekodi ina sampuli 48,000, wewe unaiamuru mashine isome 44,100 kwa sekunde. Wimbo lazima uburute na sauti izame. Nilirudisha traki 48,000, nikaacha projekti ibaki 44,100, programu ikakokotoa yenyewe wakati wa kutoa. Soprano wakarudi. Ila zile faili mbovu mpaka leo zinazunguka kwenye simu za watu.

Nansio Sauti
Pole sana kaka. Mimi sikugusa sampo reti kabisa, ndiyo maana nilihangaika siku mbili. Bando huku kisiwani linabana, nikataka faili dogo, nikashusha bitireti (kilobiti za data kwa kila sekunde ya sauti) hadi 32. Ngoma zikabaki, kayamba likafa kabisa, utadhani limefunikwa blanketi. Kumbe kwa bitireti ndogo hivyo programu inaamua yenyewe kushusha sampo reti. Yangu ilitoka na 22,050. Na sauti yoyote yenye mitetemo kwa sekunde inayozidi nusu ya namba hiyo, yaani 11,025, haiwezi kuwepo. Mlio wa kayamba unaishi huko juu.

Mgeni wa Igoma
Samahani wakubwa, nikichukua hiyo ya 22,050 nikaipandisha 44,100, kayamba litarudi?

Nansio Sauti
Halirudi mdogo wangu. Faili litakubali namba mpya, lakini kilichokatwa kimekwenda. Rudi kwenye WAV ya mwanzo, lile faili la kurekodi ambalo halijabanwa. Usiifute WAV hata mteja akishalipa. Mimi sasa mahubiri na matangazo natoa mono (chaneli moja tu), bitireti 64, sampo reti nachagua mwenyewe 44,100. Muziki sishuki chini ya 192.

Kamera Kirumba
Yangu ni ya harusi. Kamera 48,000, rekoda ya pembeni 44,100. Mwanzo wa hotuba midomo na sauti viko pamoja, baada ya saa nzima vimeachana karibu nusu sekunde. Nikailaumu sampo reti, nikabadilisha kila kitu kuwa 48,000, tatizo likabaki vilevile.

Fundi Mixa, Nyegezi
Hapo mkuu sampo reti haina kosa. Ingekuwa ni ya 48 kusomwa kama 44.1, saa nzima ingeachana kwa dakika 5 na zaidi. Nusu sekunde ni saa za ndani za vifaa viwili, hazitembei sawasawa kabisa. Piga kofi moja mwanzoni na moja mwishoni mbele ya kamera, kisha vuta au bana sauti makofi yalingane.

Kamera Kirumba
Wabeja sana. Jumamosi nina harusi Pasiansi, napiga makofi.

Dada wa Mabatini
Mimi nilifanya projekti ya 96,000 nikidhani ndiyo ubora. MP3 ikagoma, maana mwisho wake ni 48,000. Nikachagua 44,100 ikapita. Na sasa kabla ya kumkabidhi mteja nafungua kila faili kwenye MediaInfo, ni ya bure, inaonyesha sampo reti, bitireti na urefu. Urefu nauangalia kwanza: ukiona umezidi ule wa WAV kwa sekunde 26, usitume.