Mjadala: Binti wa mfalme dhalimu akisema "sikujua", tumwelewe?

Mwanzisha mada

Wakuu, juzi nimerudia kuangalia The Twelve Kingdoms, ile anime (katuni ya Kijapani) ya kituo cha NHK iliyoanza kurushwa 2002, sehemu 45, kutoka kwenye riwaya za Fuyumi Ono. Nimekwama palepale nilipokwama mara ya kwanza: kifo cha mfalme wa Hou, mojawapo ya falme za hadithi hiyo.

Kwa ambao hamjaiona: kuna falme kumi na mbili, na mfalme hachaguliwi na watu wala harithi kwa baba. Anachaguliwa na kirin, mnyama mtakatifu ambaye huweza kuwa na umbo la binadamu. Akishatawazwa, hazeeki. Familia yake na maofisa wakubwa nao huandikwa kwenye daftari la wasiozeeka. Mfalme wa En, ufalme mwingine, ameketi kwenye kiti miaka 500 na sura bado ya kijana. Ila kuna kamba shingoni: mfalme akipotoka, kirin wake anaugua, kirin akifa, mfalme naye hana siku nyingi.

Sasa Chutatsu wa Hou alianza vizuri. Alichukia rushwa, akaweka sheria kali. Hazikutosha, akakaza. Akakaza tena, hadi kosa dogo la mwenye njaa likawa la kunyongwa. Mwishowe Gekkei, gavana wa jimbo mojawapo, akaingia ikulu na jeshi. Mfalme na malkia wakauawa, na kirin pia. Binti yao, Shoukei, akaachwa hai, akafutwa kwenye daftari na kupelekwa kijijini kuishi kama yatima.

Kule kila siku wimbo ni mmoja: sikujua, baba hakuniambia, kosa langu nini?

Mimi nasema kosa lipo. Huyu mnayemwona ana sura ya miaka 13, aliingia daftarini akiwa na umri huo, na baba yake alitawala miaka 30. Pigeni hesabu. Ni mtu wa miaka 43! Miaka 30 amevaa hariri iliyolipwa na watu wanaonyongwa, hata siku moja hakuuliza kwa nini nje ya ukuta kuna vilio. Nanyi mwaonaje?

Mchangiaji wa 1

Mkuu, hesabu yako ni ya kalenda tu. Mtu hakui kwa kupita miaka, anakua kwa kukutana na mambo. Umemsahau Suzu kwenye anime hiyohiyo? Msichana wa Japani ya zamani, kaletwa na dhoruba kwenye dunia ile, akawa mtumishi wa mwanamke asiyezeeka kwa karibu miaka 100. Na baada ya miaka yote hiyo bado analia vilevile kama siku ya kwanza. Ndiyo hoja ya mwandishi: usipozeeka, waweza kubaki mtoto milele. Shoukei aliwekwa kwenye kizimba cha dhahabu na watu waliojua wanachofanya. Mnamlaumu kuku kwa kutojua bei ya mahindi.

Halafu swali langu: Gekkei alikuwa gavana. Alijua kila kitu. Alihudumu chini ya sheria zile mpaka siku aliyochoka. Mbona yeye tunamwita shujaa?

Mchangiaji wa 2

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimemaliza.

Mchangiaji wa 3

Mchangiaji wa 2, methali hiyo ndiyo iliyotaka kumuua yule binti. Gobo, mlezi wa yatima pale kijijini, mwanawe aliuawa kwa sheria za Chutatsu. Alipomtambua Shoukei, kijiji kizima kilikusanyika ili wamfunge kwenye magari achanwe vipande. Uchungu wa yule mama nauelewa, hata mimi machozi yalinitoka. Lakini wangemchana, mwana angerudi?

Niseme langu, maana mada imenigusa pabaya. Baba yangu alikuwa na cheo kwenye ofisi fulani mkoani. Kila mwisho wa mwezi alikuja mzee mmoja na kiroba cha mchele na jogoo wawili. Sisi watoto tulimpenda, tukimwita babu. Nimefika chuo ndipo nilipokutana na kijana wa kijiji cha huyo babu, katika mazungumzo tu akaniambia mzee yule alikuwa akihangaikia hati ya shamba lake kwa miaka sita. Mchele niliula, na ulikuwa mtamu. Nilikuwa na miaka minane, sina hatia. Lakini nilipofika kumi na saba je? Jogoo wale walikuwa bado wanakuja, na nilikuwa na akili ya kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilihisi jibu sitalipenda. Kwa hiyo Shoukei anaposema "sikujua" mimi namsikia vizuri sana, na simwamini.

Mchangiaji wa 1

Dada, pole. Hapo umeniyumbisha kidogo. Lakini wewe ulikuwa unatoka, unaenda shule, unakutana na watu. Yeye alikuwa ndani.

Mwanzisha mada

Asante sana dada, umesema nilichoshindwa kusema.

Mchangiaji wa 1, nikuongezee. Anayembadilisha Shoukei si wale waliotaka kumchana, ni Rakushun, nusu mtu nusu panya, mwanafunzi maskini anayekutana naye safarini baada ya binti kuiba vito kwenye ikulu ya Kyou, ufalme mwingine, na kutoroka. Rakushun hampigi kelele. Anamweleza tu kwamba cheo cha binti mfalme kilikuja na wajibu wa kujua, na kwamba huwezi kuchukua hariri ukaacha wajibu. Kwangu hapo ndipo lawama na adhabu zinapoachana. Lawama anastahili. Magari ya Gobo, hapana.

Na mnakumbuka kinachofuata kule ufalme wa Kei? Shoukei yuko katikati ya umati, mtu anauawa hadharani kwa amri ya gavana katili, watu wote wameinamisha vichwa. Jiwe linaruka kutoka kwenye umati. Ni yeye kalitupa! Hakuna aliyemtuma, na askari wamejaa. Nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Mchangiaji wa 2

Jiwe moja kwa miaka 30. Bei nzuri.

Mchangiaji wa 3

Wewe ulishatupa mangapi?

Mwanzisha mada

Hahaha, taratibu jamani. Ila la Gekkei sijalikwepa, limenibana kweli. Alimuua mfalme, akamuua na kirin, na bila kirin hakuna wa kumchagua mfalme mpya. Majanga na mazimwi yanaingia nchini wakati kiti kiko wazi. Wenzake wanamwomba akikalie, yeye anasita, anajiona mwuaji wa mfalme wake. Kama Shoukei alipaswa kujua, huyu aliyejua miaka yote tumweke wapi? Mwenye jibu aje, nipo.