Bei mbili, siku ya wanawake, au Kiswahili mezani? Nisaidieni kuchagua (Lubumbashi, DRC)

Mwenye Meza, Bel-Air
Jambo wote. Nina nyumba ya kazi ya pamoja hapa Bel-Air, kowakingi kama vijana wanavyoiita. Meza 14, jenereta ndogo, na betri za sola zinazoshika intaneti umeme ukikatika. Nilipofungua nilitaka kila anayejitafutia aingie: kijana wa programu, mama wa mikate, fundi simu, mshonaji. Miezi saba imepita, nikihesabu vichwa napata vijana tisa wa kompyuta, na mwanamke kati yao ni mmoja. Wamama wanakuja mara moja, wanasema "merci sana", hawarudi.

Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza ni bei mbili, abonema ya mwezi kwa dola na malipo ya siku kwa faranga. Ya pili ni kufanya Jumatano iwe ya wanawake peke yao. Ya tatu, ule mkutano wa Ijumaa ambapo kila mtu anaeleza biashara yake uendeshwe kwa Kiswahili, tuache Kifaransa. Nguvu yangu inatosha njia moja kwanza. Mngeanza na ipi?

Fundi Simu wa Kenya
(Kenya mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi ya Nairobi!) Anza na bei, mama. Mimi napata pesa simu kwa simu. Ukinidai dola 30 tarehe mosi, siku hiyo naweza kuwa na faranga za usafiri tu, na hata nikizikusanya, kambisti, mbadilisha pesa, naye anataka lake. Malipo ya siku ni kama makaa ya mfuko mdogo: jumla inakuwa ghali zaidi, lakini leo utapika.

Ila usitofautishe watu machoni. Kuna mahali nilikaa, wa mwezi walivaa kadi ya kijani, sisi wa siku ya kijivu, na chai ilikuwa ya wenye kadi ya kijani tu. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka mwenyewe.

Mshonaji wa Katuba
Mimi ni mmoja wa hao wa "merci sana". Pengine haikuwa kwako, lakini nikusimulie.

Bei niliiweza. Shida ilikuwa ufunguo wa choo. Alikuwa nao mlinzi, kijana wa umri wa mwanangu, amekaa mlangoni. Nikitaka kwenda, napita katikati ya meza zote, namwomba, naye anauliza kwa sauti, "Mama, unaenda chooni?" Vichwa vyote vinainuka. Mara ya pili sikuthubutu. Nikaacha kunywa maji. Saa nane mchana kichwa kinaniuma, nikafunga begi langu nikaenda zangu.

Na mkutano wenu ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nani atawapikia watoto wangu bukari, ugali wetu? Nani atanisindikiza kwenye taksi-basi gizani?

Jumatano ya wanawake sitaki, nisamehe. Nilikuja kumtafuta kijana wa kunitengenezea picha za nguo zangu niziweke WhatsApp. Ukimtoa siku hiyo, nimekuja kumwona nani?

Karani wa Biashara
Mama wa Katuba amesema kitu. Lakini mimi bado naona lugha ni nzito kuliko bei. Tangu Kanuni ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afungue biashara. Bado nakutana na wamama wanaoniuliza kama wamlete mume asaini! Habari hii ilitangazwa kwa Kifaransa kizito, haikufika sokoni. Ijumaa moja kwa Kiswahili ingetosha kuifikisha.

Halafu, mama Mwenye Meza, usivunjike moyo. Brad Neuberg, aliyeanzisha kowakingi San Francisco mwaka 2005, mwezi wa kwanza hakupata hata mtu mmoja. Ikabidi atoke mwenyewe kutafuta watu.

Swali dogo: mlango wako una ngazi? Sheria ya 2022 ya watu wenye ulemavu ipo, lakini kiti cha magurudumu hakipandi juu ya sheria.

Kijana wa Programu, Golf
Nakubali Kiswahili, na onyo moja. Mimi ni Muluba wa Kasai, nimezaliwa hapa. Familia ya mama yangu ilipanda treni kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka 1993, wakati Wakasai walipokuwa wanafukuzwa huku kwetu. Kwa hiyo mkutano ukianza kwa "jitambulishe, wewe ni wa wapi?", mimi tumbo linakaza, hata anayeuliza akiwa hana ubaya. Na tuna mwenzetu wa Kinshasa, Lingala tupu. Ukisema Kiswahili peke yake, umemfungia mlango uliotaka kumfungulia mama wa mikate.

Badilini swali. "Wiki hii unahitaji nini?" Hilo linajibika kwa lugha yoyote, na linaleta kazi. Sisi tulilijaribu kwenye likelemba yetu, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu: ndani ya jioni moja mtu alipata mteja, mwingine akapata chaja.

Mwenye Meza, Bel-Air
Nimesoma mara mbili. Ufunguo wa choo kwangu pia uko kwa mlinzi! Niliona ni usalama. Leo nimeenda kwa fundi, nakala mbili, zinaning'inia nyuma ya pazia, kila mtu anachukua bila kuomba.

Mkutano unahamia saa sita mchana. Anayeeleza achague lugha, jirani yake atafsiri. Swali ni la mdogo wangu wa Golf. Malipo ya siku yanaanza Jumatatu, kadi ya rangi moja kwa wote. Jumatano nimeiacha. Ngazi ziko mbili, papa Karani, natafuta mbao.

Mshonaji wa Katuba
Na sabuni iwepo. Nitapita Jumanne. Niwekee meza ya dirishani, uzi mweusi hauonekani kwenye giza.