Naomba ushauri: karo ya mtoto wa jirani inamfaidi nani?

Ndugu wanachama wa jukwaa hili, mimi ni mweka hazina wa chama kimoja cha akiba hapa Kisumu, ambacho kwa miaka mitatu kimetenga sehemu ya michango yake kuwalipia karo watoto wa mtaa wetu. Sasa baadhi ya wenzetu wanataka tuache, kwa hoja kwamba mhitimu akishapata kazi Nairobi, mshahara ni wake na sisi tunabaki mikono mitupu. Sikubaliani nao. Katika utafiti wa wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer kule Busia, ulioanza 1998, watoto walipopewa dawa za minyoo shuleni utoro ulipungua kwa robo, na hata wasiomeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Nami naona elimu huenea vivyo hivyo, kwani mama anayeweza kusoma kadi ya kliniki huwasaidia na majirani. Shida ni kwamba faida hiyo haionekani katika daftari langu la hesabu (na wenzangu huamini daftari kuliko maneno). Je, nitumie vipimo gani kuwaonyesha? Na tukiwadai wanufaika warudishe kitu baadaye, hatutawafukuza walio maskini zaidi? Mkutano wetu ni Jumamosi ijayo.