Mjadala: Punda wa Lamu mwenye kidonda, mwenyewe anyang'anywe?

Mkomani2: Punda akikutwa na kidonda kibichi mgongoni na bado amepakiwa saruji, waokoaji wamchukue mpaka apone, au wamtibu wamrudishe? Mimi nasema wamchukue. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama, nani anaitumia?

MwanaShela: Halafu mwenyewe ale nini? Kile kituo cha punda kipo tangu miaka ya tisini, kazi yake kutibu, si kunyang'anya. Kidonda kidogo watu hupaka oili chafu ya injini, inzi hawatui, kesho kazini.

TabibuMifugo: Oili chafu! Inaunguza nyama changa na kufungia uchafu ndani. Chemsha maji lita moja, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, yaache yapoe. Yasukume kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, mpaka yatoke safi. Kisha asibebe kitu hadi ngozi ijifunge. Na chanjo ya pepopunda: ugonjwa umebeba hadi jina lake, bado mnaisahau! Na kituo ni cha 1987, si cha miaka ya tisini.

MwanaShela: Nimesema watu hupaka, sikusema wapake. Usitufanye wajinga.

FundiShogi: Mnagombania oili, kidonda kimetoka wapi? Punda asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake: wa kilo 120, mwisho 40. Mfuko mmoja wa saruji ni 50, na watu wanapakia miwili! Chini ya shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, wameweka gunia la nailoni, linasugua na kuzuia jasho lisikauke. Tandika matandiko mawili ya pamba, moja kila ubavu, uti wa mgongo uwe wazi katikati. Na lijamu ya waya itupwe, inakata ulimi.

Mkomani2: Theluthi ni ya punda mzima aliyeshiba, FundiShogi. Aliyekonda hata 40 asipewe. Na anayemwokoa asimmwagie mahindi siku ya kwanza, atapata msokoto wa tumbo au kwato ziwake moto. Majani makavu, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

MwanaShela: Haya, oili tumeifuta. Mwenye punda mmoja, wiki tatu za kupumzika, nani atamlisha?

TabibuMifugo: Iondoe kwenye ujumbe wako kwanza. Kuna atakayesoma pale juu tu, kisha akaenda kuipaka.